Wanachuo na mazoezi: ari hupangwa, haishuki kutoka mbinguni

Msomaji mpenzi, iwapo una mwana au binti aliyejiunga na chuo hivi majuzi, mwangalie kwa makini atakaporudi nyumbani likizoni. Yaache kwanza maswali ya alama za mtihani. Mtume gengeni akakuletee sukuma wiki na nyanya, kisha umsikilize akipanda ngazi. (Kwa sisi tunaoishi ghorofa ya nne au ya tano hapa jijini, ambako lifti ni hadithi, kipimo hiki ni cha bure.) Ikiwa yule aliyekuwa akicheza kandanda au netiboli saa nzima alipokuwa sekondari sasa anafika mlangoni akihema kama mchukuzi wa magunia, basi kuna jambo limebadilika, na huenda yeye mwenyewe hajaling'amua.

Huko sekondari kulikuwa na kengele. Ikigonga saa kumi jioni madarasa yanafungwa, mwalimu wa zamu anazunguka, na kila mmoja, apende asipende, anaelekea uwanjani. Hata aliyechukia mpira alilazimika angalau kusimama golini. Chuoni hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Mhadhara wa mwisho ukiisha, kijana yuko huru kwenda atakako, na mara nyingi anakotaka ni kitandani na simu yake, au kibandani kula chapati kwa maharagwe. Muhula mmoja tu unatosha: mwili uliozoea kukimbia unazoea kukaa.

Leo nataka tuvitazame vyuo vya upande wa mashariki wa Mlima Kenya, yaani Meru na Embu. Siku hizi eneo hilo limekuwa makao ya maelfu ya vijana kutoka kila pembe ya nchi. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, yapata kilomita 15 kutoka mjini Meru katika barabara ya kwenda Maua, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Kuna Chuo Kikuu cha Kimethodisti, KeMU. Kuna Chuo Kikuu cha Embu, ambacho kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kupata hati yake mwaka 2016. Ongeza vyuo vya walimu, vya ufundi, na vile vya utabibu vya KMTC. Wazazi wengi wa Nairobi, Thika na hata Mombasa wana mtoto wao huko.

Ukiyaangalia mazingira yenyewe, utadhani ni mahali ambapo mtu hawezi kuwa mvivu hata akitaka. Hewa ni safi, ina ubaridi wa mlima. Barabara zinapanda na kushuka. Meru kuna msitu wa Imenti, Embu kuna msitu wa Njukiri karibu kabisa na mji. Kijana wa jijini aliyekulia kwenye uwanja wa vumbi uliozungukwa na maghorofa angepaswa kushukuru. Lakini mazingira mazuri hayamwamshi mtu kitandani, na ushahidi wa jambo hilo uko hapo hapo Embu.

Ukitoka mjini Embu ukaifuata njia ya Manyatta, kuelekea mlimani, unafika Kigari. Hapo pana chuo cha walimu cha St. Mark's. Mtu asiyefuata riadha hataona cha ajabu: madarasa, mabweni, mashamba ya chai na kahawa, ukungu wa asubuhi. Lakini tangu miaka ya themanini chuo hicho kimekuwa kambi ya timu ya taifa ya mbio za nyika kabla ya mashindano ya dunia. Kutoka mwaka 1986 hadi 2003 timu yetu ya wanaume ilishinda taji la dunia miaka 18 mfululizo, hadi Ethiopia ilipouvunja mnyororo huo mwaka 2004. John Ngugi alishinda mara tano, miaka minne kuanzia 1986 kisha tena 1992. Paul Tergat naye akashinda mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Nyingi za sifa hizo zilipikwa katika vilima vya Kigari, na kuna mlima mmoja huko ambao wanariadha waliupa jina la mateso, na hawakuwa wakitania.

Hebu fikiria, basi. Wanachuo wa ualimu wanaamka asubuhi na kuwaona mabingwa wa dunia wakipita dirishani. Kama kumwona shujaa kungetosha kumtia mtu ari, kila mwalimu aliyesomea Kigari angekuwa mkimbiaji hadi leo. Unajua na najua kwamba haiendi hivyo. Tunamshangilia Eliud Kipchoge kwenye runinga tukiwa tumejinyoosha kwenye kochi, sahani ya viazi karamu mapajani.

Lakini kambi ile ina somo jingine, na ndilo ninalotaka tulitie maanani. Wengi wetu tunaamini kwamba bingwa ana moyo wa chuma aliozaliwa nao, kwamba anaamka tu mwenyewe saa kumi na moja alfajiri huku sisi wengine tukivuta blanketi. Ikiwa ni hivyo, kambi ni ya nini? Wanariadha wale wangepewa tarehe ya safari, kila mmoja afanye mazoezi kwao, wakutane uwanja wa ndege. Badala yake wanakusanywa mahali pamoja kwa majuma kadhaa. Wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanakimbia pamoja, na miaka ile ya ushindi walikimbia hadi mara tatu kwa siku. Saa inajulikana, njia inajulikana, na asiyetokea anaonekana. Watu wenye ari kubwa kuliko sote, tena wenye tuzo na hela mbele yao, bado wanapangiwa saa na kupewa wenzao. Sembuse kijana wa mwaka wa kwanza aliyeketi peke yake katika chumba cha kupanga nje ya chuo, akijiambia kwamba Jumatatu ataanza?

Jumatatu hiyo tunaifahamu sote.

Kabla hatujamlaumu kijana, tujiulize alifunzwa nini kuhusu mazoezi alipokuwa mdogo. Katika shule zetu nyingi, ukichelewa unaambiwa uzunguke uwanja mara kumi. Ukipiga kelele darasani, unarukishwa kichurachura mbele ya wenzako hadi mapaja yawake moto. Miaka kumi na miwili mtoto anajifunza kwamba kukimbia ni adhabu ya mkosaji, na asiye na kosa huketi. Kisha akifika chuoni, ambako hakuna wa kumwadhibu, tunashangaa kwamba hakimbii! Walimu mnaosoma ukurasa huu, na najua mko wengi, mtafuteni adhabu nyingine mtoto mkosaji. Mwacheni akusanye takataka, lakini uwanja usiwe jela.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo linahusu heshima. Vijana wengi wa Meru na Embu wenyewe, na hata wageni wao, wametoka katika familia ambazo mazoezi hayakuwa na jina. Mama anachuma majani ya chai tangu alfajiri na kubeba kikapu kilichojaa mgongoni hadi kituo cha kupimia. Mtoto alichota maji, akakata majani ya ng'ombe, akapanda kilima kwenda shule. Ndiyo maana takwimu za Wizara ya Afya za mwaka 2015 zilionyesha kwamba Wakenya wachache sana ndio wasiofikia kiwango cha kutumia viungo kinachopendekezwa. Kazi na safari za miguu zilitufanyia mazoezi bila sisi kuombwa. Lakini ni nani aliyewahi kumwambia mtoto kwamba jasho lile lilikuwa jema? Aliambiwa asome kwa bidii asije akashika jembe maisha yake yote. Basi amesoma. Amefika chuo kikuu. Sasa unamwambia atembee kilomita mbili kutoka chumbani hadi darasani na bodaboda zimepanga foleni pale langoni? Kwake kutembea ni kurudi nyuma. Mkopo wa serikali ukiingia, ishara ya kwanza ya neema ni kupanda bodaboda hata mahali ambapo angefika kwa dakika kumi.

Hesabu za maamuzi hayo huja baadaye. Uchunguzi huo huo wa 2015 uligundua kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini wana uzani uliopita kiasi. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5 na kwa wanaume 17.5. Uzani huo ni ndugu wa shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo zamani tuliyaita ya matajiri na leo yamejaa katika kila mtaa. Hayaanzi siku ya kwenda hospitalini. Yanaanza taratibu katika miaka ya ishirini, mtu anapoacha kutumia mwili wake na asianze tena. Tena kwa mwanafunzi faida haingoji uzeeni. Mtu anayefanya mazoezi hulala vizuri, hupunguza wasiwasi, na hujikinga kwa kiasi dhidi ya ile huzuni nzito inayowakumba vijana wengi walio mbali na kwao. Mzazi aliyewahi kupigiwa simu usiku na mtoto analia bila kusema sababu atanielewa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo ikiwa ni mazoezi makali. Wiki ina dakika 10,080. Tunaombwa 150, yaani nusu saa mara tano. Mwendo wa wastani si siri: ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Kwa milima ya Meru, wala huhitaji kwenda kasi.

Sasa ari itatoka wapi? Hapa wengi hukimbilia mawaidha. Chuo kinabandika bango, mgeni mashuhuri anaitwa, vijana wanaonyeshwa picha za moyo uliojaa mafuta, wanapiga makofi, wanaenda zao. Mwaka 2002 watafiti watatu, Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyiwa wanafunzi 248 wa chuo kikuu huko Uingereza. Waliwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza liliachwa hivi hivi. Kundi la pili lilipewa mawaidha ya kutosha kuhusu ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi. Kundi la tatu lilipewa mawaidha yale yale, kisha kila mmoja akaandika kwenye karatasi siku gani, saa ngapi na mahali gani angefanya mazoezi wiki inayofuata. Walipohesabiwa baada ya juma moja, waliofanya mazoezi angalau mara moja katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 38. Katika kundi la mawaidha walikuwa asilimia 35. Katika kundi la karatasi walikuwa asilimia 91.

Isome tena hiyo, msomaji. Waliohubiriwa hawakuwazidi wale ambao hawakuambiwa kitu. Wote walijua mazoezi ni mazuri, kama vile mwanao anavyojua. Kilichowatofautisha ni saa na mahali, yaani ile kengele ya sekondari, ila safari hii kijana ameigonga mwenyewe.

Na pesa je? Huko Marekani Gary Charness na Uri Gneezy waliwahi kuwalipa wanafunzi waende kwenye ukumbi wa mazoezi, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliolipwa kwenda mara moja tu hawakubadilika sana. Lakini waliopewa dola 100 zaidi ili waende mara nane katika mwezi mmoja waliendelea kwenda hata baada ya malipo kukoma, kwa zaidi ya maradufu ya wenzao. Na waliobadilika hasa ni wale ambao hapo awali hawakuwa na mazoea ya kwenda. Bila shaka hapa kwetu hakuna chuo kitakachomlipa mtu ajitoe jasho, na sidhani kama kinapaswa. Hata hivyo tazama pesa zile zilinunua nini: mwezi mmoja wa kwanza. Mwezi huo ndio wenye maumivu ya misuli, aibu ya kuachwa nyuma na asubuhi zenye baridi. Ukipita, mwili wenyewe unaanza kudai.

Mwezi huo unaweza kununuliwa bila dola. Mwanafunzi wa Embu au Nchiru asianze na mipango ya kununua viatu vya bei ghali wala kulipia ukumbi wa kunyanyua vyuma mjini. Atafute wenzake wawili au watatu wa bweni moja, wasiwe wa mwendo unaomzidi sana. Wakubaliane, kwa mfano, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, langoni. Wasikubaliane "asubuhi" tu. Neno hilo katika vyuo vyetu linaweza kumaanisha hata saa tano. Kundi la simu walilo nalo la kutumiana vichekesho litumike kumuuliza aliyekosa yuko wapi. Siku mbili zilizobaki atembee kwenda darasani, na ile hela ya bodaboda aiweke kando aone itakavyokuwa mwisho wa mwezi. Viatu vya raba vya mitumba vinatosha kabisa ikiwa soli haijalika.

Anayependa mpira acheze mpira. Asiyependa kukimbia asikimbie. Mwenye kupenda kucheza ngoma acheze, maana kwaya na vikundi vya ngoma vyuoni humtoa mtu jasho kuliko anavyodhani. Nimeona watu wengi wakijilazimisha mchezo wa mwingine kwa sababu uko kwenye mtindo, na huyo haendi mbali. Kigezo ni kimoja tu: je, ungerudi kesho kama hakuna anayekuona?

Akina dada wana vikwazo vyao, na si haki kuwapa mawaidha kana kwamba havipo. Kwanza ni usalama. Saa kumi na mbili alfajiri bado kuna giza katika vichochoro vya vyumba vya kupanga, na jioni inaingia haraka. Pili ni macho na maneno ya wanaume walioketi kando ya barabara. Tatu ni nywele. Mwanamume anayecheka hapa hajui bei ya kusuka wala jasho linavyoharibu kazi ya saa nne. Kundi linasaidia kwa hayo mawili ya kwanza. Ndani ya uwanja wa chuo kunafaa kuliko barabarani, na jioni kabla ya jua kutua kunafaa kuliko alfajiri. Wakuu wa vyuo nao wasaidie: taa mbili tatu kando ya uwanja na saa maalumu ya wasichana haviwezi kufilisi chuo kinachojenga maghorofa kila mwaka. Na la nywele, kitambaa chepesi kichwani na siku za mazoezi zipangwe kabla ya kusuka, si baada.

Tahadhari moja. Mwenye pumu asitoke katika baridi kali ya asubuhi bila dawa yake ya kuvuta, na anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu akipanda kilima aende zahanati ya chuo kwanza. Kijana wa Pwani aliyefika Meru juzi asistaajabu akichoka upesi majuma mawili ya mwanzo. Milima ni mipya kwake, na baridi pia.

Mzazi, wewe nawe una kazi. Unapopiga simu Jumapili jioni usiulize tu kama amekula na kama anasoma. Muulize wiki hii alitembea na nani, wapi, siku gani. Akikujibu "nitaanza," mwambie achukue kalamu akiwa bado kwenye simu, aandike siku na saa, akusomee. Na atakaporudi likizoni, yale mambo ya kumtuma gengeni yasiwe ya siku moja. Tokeni pamoja, baba, mama na watoto, mzunguke mtaa kabla ya chajio. Usitembee mbele yake ukimwonyesha ukakamavu wa enzi zako, maana vijana wamechoka na hadithi za tulivyotembea kilomita kumi kwenda shule bila viatu.

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, tutaingia katika vibanda vya chakula vilivyo nje ya malango ya vyuo, tuone mwanafunzi mwenye shilingi mia moja kwa siku anaweza kula nini akashiba.